Mtani wa Dionisi

Evod alicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza.

Hakucheka kwa aibu, wala hakucheka kwa kutaka kumpendeza mtu. Alicheka kwa sauti, meno yote nje, ndani ya kijumba cha ofisi ya ustawi kwenye gereza la kilimo ng'ambo ya mto, alipoulizwa habari za mtu ambaye yeye mwenyewe alimuua.

"Dionisi?" alisema. "Yule tumbo lake lilikuwa na ghorofa, mwalimu. Angekuwa hai angekula hizo karatasi zako zote, akamalizia na kalamu. Na yale meno! Mpaka leo najiuliza kaburi lake lilifungikaje."

Agnella hakucheka. Aliinamia dodoso lake, akatafuta swali la kumi na saba, lile linalouliza mhojiwa anamzungumziaje mtu aliyemdhuru, akazungushia jibu la mwisho kabisa: kwa kejeli au dharau. Swali la kumi na nane, hivyo hivyo. Na la kumi na tisa. Kila alipouliza, Evod alimrudishia utani mwingine, na kila utani ulikuwa na alama yake.

Agnella Mhenga alikuwa mwanasaikolojia, mzaliwa wa Sanje, aliyesomeshwa na masista, kisha na chuo kikuu kule Dar es Salaam, na sasa amerudi bondeni na chumba cha kupanga mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, na kazi ya utafiti. Alitaka kujua kama maswali arobaini yaliyotungwa ng'ambo yanaweza kuonyesha ni mfungwa gani, akiachiwa, atarudia kosa. Aliiamini kazi hiyo, na hakuna sababu ya kumcheka kwa hilo. Kabla ya dodoso, mfungwa alitoka au alibaki kwa kadiri afande fulani alivyompenda. Agnella aliwahi kuyaona majalada yaliyoandikwa "mtu mzuri" na "mtu mkorofi", basi, bila neno la tatu, na alikuwa ameapa kwamba mtu hatapimwa namna hiyo mbele yake.

Kwa hiyo kamati ya parole ilipoomba matokeo ya wafungwa sita wanaofikiriwa kutoka, aliona fahari. Evod alikuwa mmoja wa hao sita. Alihukumiwa miaka kumi na mitano kwa kuua bila kukusudia, ametumikia saba, na katika saba hiyo hakuwa na kosa hata moja gerezani. Akipata parole, atamalizia kifungo kwao Masagati, kulekule juu ng'ambo ya Mlimba. Akikosa, ni miaka mingine minane.

"Amepata ngapi?" aliuliza Sajini Venance, ofisa ustawi wa gereza, Mpogoro wa Mahenge aliyebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

"Ishirini na saba, afande."

"Na mstari uko wapi?"

"Ishirini na tano. Anayezidi hapo ni hatari."

Venance alivua kofia, akakuna kichwa. "Mwanangu, huyu ndiye anayewafundisha wenzake kutunza kitalu cha mpunga. Wagonjwa anawabebea maji. Mimi nimekaa naye miaka saba."

"Nakuheshimu, afande. Lakini mtu anayemcheka marehemu miaka saba baada ya kumuua, huyo hajaanza hata kujuta."

Venance alirudisha kofia kichwani. Karatasi za wasomi zilimtisha, kama zinavyotutisha wengi wetu, na kwenye jalada la kesi Dionisi alikuwa ameandikwa kwa neno moja tu, jirani. Alhamisi ile Agnella akatuma taarifa. Evod, hatari kubwa, hapendekezwi.

*

Jumamosi alikuwa Sanje, kumzika shangazi yake Balbina.

Msiba ulikuwa na watu wengi, na ndani ya watu hao alikuwamo Stumai, mtani wa ukoo wao. Stumai alikuwa amevaa kitenge cha marehemu, kilemba cha marehemu, na miwani ya marehemu yenye mkono mmoja. Alichechemea vilevile Balbina alivyokuwa akichechemea, akawasimamia wapishi, mikono kiunoni.

"Huo wali mnaupika au mnausulubu? Nimekufa jana tu, leo mshaanza kuniaibisha!"

Waombolezaji walivunjika mbavu. Kaburini ikawa balaa zaidi. Stumai alirukia ndani kabla jeneza halijashushwa, akajilaza, akatangaza kwamba shimo linamtosha yeye, ila Balbina kwa unene ule atafutiwe trekta. Akakataa kutoka mpaka aahidiwe doti ya kanga. Padri mwenyewe aligeukia pembeni, mabega yakimcheza. Agnella alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya msiba, kifua kikamlegea.

Baadaye alikwenda nyuma ya jiko kunawa mikono. Akamkuta Stumai ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, miwani ameishika mkononi, analia. Hakuwa analia kidogo. Alikuwa analia kwa kwikwi, kama mtoto aliyechapwa.

"Mama Stumai, shikamoo. Unaumwa?"

"Marahaba. Niache, mwanangu. Kazi yangu nimeshaimaliza, sasa na mimi nalia." Alipenga kamasi kwenye kitenge cha marehemu. "Nyie ndugu mnadhani kulia ndiyo kazi. Mtu angeondokaje hapa kama hakuna wa kumchekesha?"

Agnella alibaki amesimama na kopo la maji mkononi.

"Mama, mtani anaweza kuendelea kumtania mtu hata baada ya miaka? Amekufa zamani, yeye bado anamtania?"

Stumai alimtazama kwa mshangao kidogo, namna mtu mzima anavyomtazama msomi aliyeuliza kitu cha kitoto. "Sasa aache kwa nini? Mpaka na yeye afe."

Maji yalimwagikia viatu vya Agnella naye hakuona. Alikuwa amezaliwa ndani ya jambo hili. Alikuwa amelicheka nusu saa iliyopita. Na siku mbili kabla alikuwa ameketi mbele ya mtu anayelifanya, akampa alama za mwisho kabisa, tena kwa kalamu nyekundu. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio.

Alimpigia simu Dakta Maximilian, msimamizi wake kule Dar es Salaam, akamweleza yote bila kupumua. Maximilian hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshatuma taarifa?"

"Nimeshatuma."

"Basi sikia, Agnella. Ukibadilisha alama za mtu mmoja kwa sababu umemwonea huruma, watauliza zile za wafungwa wengine sitini uliowahoji umezipataje. Na watakuwa na haki. Hata kama walikuwa watani, utajuaje kwamba hamkejeli tu?"

"Sijui."

"Nenda kajue. Kamati inakaa Ijumaa. Bila neno la familia ya marehemu, hiyo ni huruma yako tu."

*

Jumatatu asubuhi alimkuta Evod kitaluni, miguu ndani ya matope, anang'oa miche ya mpunga na kuifunga matita. Sare yake ya rangi ya chungwa ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Alipomwona Agnella alichuchumaa palepale majini, kama mfungwa anavyotakiwa mbele ya ofisa.

"Simama, tafadhali. Njoo tukae hapa tutani." Sajini Venance, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma, alitikisa kichwa kukubali. Walipoketi, Agnella hakutoa dodoso. "Evod, Dionisi alikuwa nani wako?"

"Imeandikwa, mwalimu. Jirani."

"Na nini tena?"

Evod alisafisha tope kwenye vidole, kimoja baada ya kingine.

"Mtani," alisema. "Ukoo wetu na wao. Tangu mababu."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Ningesema nini? Kwamba nimemuua mtani wangu kwa sababu ya utani?" Safari hii hakucheka. "Kuua, mwalimu, humu ndani tulioua tuko wengi. Lakini aliyemkasirikia mtani niko peke yangu."

Kisha akasimulia, macho yakiwa kwenye miche. Mwaka ule mvua zilianza zikagoma, na mpunga wa kwanza ukafia ardhini. Lilibaki debe moja la mbegu, amelitundika juu ya jiko ili moshi uilinde na wadudu. Siku hiyo alikuwa shamba. Dionisi akaingia kwake, kama mtani anavyoruhusiwa kuingia na kuchukua anachotaka, akashusha lile debe. Mpunga ukatwangwa, ukapikwa. Jioni akaja na sahani iliyofunikwa kawa, na kundi la watu nyuma yake wanaojua kinachokuja.

"Akasema, karibu mtani, wali wa kwako huu, mtamu kweli. Watu wakacheka. Na mimi ndiyo nilitakiwa nicheke. Nitukane, nicheke, halafu wiki ijayo na mimi nikachukue mbuzi wake. Ndivyo inavyokwenda. Nilikuwa na jembe mkononi. Sikumbuki kulinyanyua. Nilimpiga na mpini mara moja tu, akaangukia jiwe la mlangoni. Wali ukamwagika. Na mimi, mwalimu, nikawa naangalia wali. Mtu anakufa, mimi naangalia wali."

Kutoka upande wa pili wa kitalu wafungwa wenzake walikuwa wanaimba, wanapanda. Venance alikuwa ametazama kando.

"Watu wa kwetu hawakwenda msibani," Evod aliendelea. "Wangeendaje, na mimi ndiye niliyemuua? Akazikwa bila mtani. Wanasema ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Kwa hiyo namtania hukuhuku. Kila siku. Wenzangu selo wanamjua Dionisi kuliko wanavyowajua wajomba zao. Na wewe ulikuja ukamtaja kwa jina. Wengine wote husema marehemu. Nikafurahi, nikapitiliza."

"Nilikuandika vibaya," Agnella alisema. "Niliandika kwamba unamdharau. Kwa sababu yangu unaweza usitoke. Nimekukosea, Evod."

"Hukujua, mwalimu. Mimi nilijua, na nikanyanyua jembe."

Alipoulizwa kama anaruhusu maneno yake yafikishwe kwa baba wa Dionisi, alisema ruhusa ametoa. Yote. Ila matusi yasipunguzwe.

*

Mpaka Mlimba walikwenda na basi, Agnella na Venance, na kutoka Mlimba kila mtu akapanda bodaboda yake. Ilikuwa Machi, barabara imegeuka uji. Venance alianguka mara mbili na kuapa mara tano, akiwa ameukumbatia kifuani mfuko wa plastiki wenye fomu ya serikali. Alikuwa ameweka ndani fomu mbili, endapo moja italowa.

Mzee Apolinari, baba wa Dionisi, walimkuta barazani anasuka jamvi. Alikuwa mrefu, mkavu, na mwenye adabu ya kutisha. Aliitikia shikamoo zao, akaagiza viti, akaagiza ndizi za kuchemsha, akauliza habari za safari, za watoto na za mvua ya Ifakara. Ndipo akauliza wamefuata nini. Venance akamweleza.

"Ndugu Evod," alisema mzee. "Hajambo Ndugu Evod?"

Venance alimgusa Agnella kiwiko. "Umesikia?" alinong'ona. "Ndugu. Mtani haitwi ndugu." Na Agnella akaelewa. Mtu unayemtania bado ni wako. Unapoanza kumheshimu, ujue umeshamfuta.

Venance alisoma swali la fomu. Je, familia ya marehemu ina pingamizi?

"Andika hatuna pingamizi na Ndugu Evod. Tumemsamehe kanisani, padri akiwapo. Serikali ikimaliza naye akaishi salama." Vidole vyake havikuacha kusuka. "Ila asiishi hapa. Kijiji hiki asikanyage."

Kalamu ya Venance ilisimama hewani. Parole ina anwani, na anwani ya Evod ilikuwa hapo, nyumba ya pili baada ya mgomba. Asipopokewa kijijini, hana pa kutolewa. Msamaha ule wa heshima ulikuwa unamfungia miaka minane.

Agnella aliona jambo linaponyoka. "Babu," alisema, "anamtania."

"Nani?"

"Evod. Anamtania Dionisi. Kila siku, miaka saba yote."

Vidole vikaacha kusuka.

"Anasemaje?"

Agnella alikuwa amelelewa na masista, hajawahi kumtukana hata kuku, na sasa alitakiwa kumtukana marehemu mbele ya baba yake mzazi. Isitoshe yeye si mtani wao. Akikosea kidogo tu, mzee atasimama, atawasindikiza kwa adabu zote mpaka njiani, na habari itaishia hapo. Akapiga moyo konde.

"Anasema... tumbo lake lilikuwa na ghorofa."

Venance alikazia macho viatu vyake. Mzee hakutikisika.

"Endelea."

"Anasema kwa meno yale, hajui kaburi lilifungikaje."

"Endelea."

"Anasema Dionisi akiimba kanisani, mpaka mtakatifu aliyechorwa ukutani anaomba ahamishiwe parokia nyingine."

"Hilo la kuimba," alisema mzee taratibu, "ni kweli tupu." Na kitu kikamkwama kooni, kikakoroma, kikatoka. Kilikuwa kicheko. Kilikuwa kimekaa bila kutumika kwa muda mrefu hivi kwamba Agnella alidhani mzee amepaliwa. Alicheka huku ameshika kifua, kisha kicheko kikageuka, na mzee akalia mbele ya wageni wake bila kujificha.

"Miaka saba," alisema alipoweza, "hakuna mtu aliyeyataja meno yake. Wanakuja hapa wanakaa, wanasema marehemu alikuwa kijana mwema. Mwema! Dionisi! Alikuwa msumbufu yule, aliiba mpaka sadaka ya ndizi. Wamemfanya mwema mpaka simkumbuki tena."

Akafuta uso kwa mkono, akaangalia uani.

"Ile mbegu," alisema. "Evod aliwaambia habari za mbegu?"

"Alituambia."

"Sisi tulikuwa nayo ghalani, madebe mawili. Dionisi alikuwa ameshalifunga moja kamba, ampelekee asubuhi. Ndiyo ulikuwa utani wenyewe. Amuudhi usiku mmoja, kukicha amtie aibu kwa mbegu iliyo nzuri kuliko yake. Alinionyesha. Alikuwa anacheka peke yake kama mwehu."

Agnella aliirudisha ndizi sahanini. "Na Evod anajua?"

"Nani angemwambia?"

Mkono wa Agnella ulikuwa umeshaelekea kwenye daftari, kwa mazoea. Mzee aliukamata.

"Hilo usiandike, mjukuu wangu. Wala usimwambie. Nitamwambia mimi, tukiwa tumekaa hapa, nimemshika hivi. Mtu asije akalisikia jambo hili akiwa peke yake ndani ya ukuta." Akamgeukia Venance. "Ile karatasi ya kwanza chana. Si una nyingine? Andika ninavyosema, na usinirekebishe."

Venance alitoa fomu ya pili, akaandika neno kwa neno.

*

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa gereza. Walikuwa watu watano, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Yosefina, hakimu mstaafu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Mapendekezo yake hayajawahi kurudishwa na wakubwa.

Agnella aliomba kuzungumza kwanza.

"Taarifa yangu juu ya mfungwa Evod ina kosa, na kosa ni langu. Maneno aliyosema nimeyaandika sawasawa. Maana yake ndiyo nimeikosa. Dodoso letu linamtambua mtu anayelia, linamtambua na anayekejeli. Mtani halimjui. Mimi namjua, tena tangu utotoni, na sikuuliza."

"Wengine sitini je?" aliuliza mjumbe mmoja, mwalimu mkuu mnene aliyekuwa anajipepea kwa jalada. "Na wao tusiamini?"

"Nitawasikiliza upya wote, mmoja mmoja. Utafiti utachelewa mwaka, na nimeshamwandikia msimamizi wangu." Kusema vile kulimuuma, maana mwaka ule ulikuwa wake. "Kwa leo nimeleta neno la familia."

Evod aliitwa. Aliingia, akachuchumaa, akaambiwa asimame, akasimama mguu sawa, mikono ubavuni. Mama Yosefina alivaa miwani, akaisoma fomu ya Mzee Apolinari kwa sauti ileile aliyosomea hukumu miaka thelathini.

"'Familia ya marehemu inasema hivi. Mwambieni Evod, yule mwenye kichwa kama kibuyu cha togwa, kwamba mtani wake amelala kwenye majani mpaka kiunoni, na yeye kajificha gerezani anakula ugali wa serikali. Mvivu mkubwa. Aje hapa asafishe kaburi na amzike mwenzake kama watu wanavyozikana. Na aje na jogoo. Asipokuja nitamfuata hukohuko, nimchape fimbo mbele ya maafande wake. Ni mimi, Apolinari.'"

Mwalimu mkuu alikohoa kwenye ngumi. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeuliza maana yake pia. Kila mtu mezani pale alikuwa amewahi kuzika.

Evod alikuwa hajatikisika. Jasho lilikuwa linamteremka shavuni.

"Umesikia," alisema Mama Yosefina. "Una la kujibu?"

Agnella alijua mfungwa hutakiwa kusema nini mbele ya meza ile. Husema najuta, naomba huruma yenu, nimebadilika, na wajumbe huandika, na mambo hunyooka. Evod angeweza kuyasema hayo, na pengine yangetosha. Lakini yule mzee kule Masagati alikuwa amemtania, na mtani anayetaniwa akajibu kwa adabu amekataa utani. Akijibu kwa utani, watu watano wanaoshika miaka yake minane watamwona anamchezea mzee wa watu, mfiwa. Evod alimtazama Venance. Venance, aliyekuwa mlangoni amesimama kiaskari, alitikisa kichwa kidogo sana kukubali.

"Mheshimiwa," alianza Evod, akanyoosha mgongo. Akaanza tena. "Mheshimiwa, Mzee Apolinari ni mwongo. Fimbo hawezi kuinyanyua. Hata mimi nikiwa nje alikuwa anainyanyua kwa msaada wa wajukuu. Mwambieni majani nitayakata, na nitamsema Dionisi vibaya mpaka ayasikie hukohuko aliko." Alikuwa bado amesimama mguu sawa, anatazama mbele. "Ila jogoo sina. Nitamkamata wa kwake, bandani kwake, mchana kweupe, nimchinje, nimpelekee kwenye sahani. Na mwambieni nikimchukua asikasirike. Mtani hakasiriki. Mwambieni asije akakasirika kama..."

Hakumaliza. Alilia akiwa amesimama vilevile, bila kuinua mkono kujifuta, kwa sababu hakuna aliyemwamuru apumzike.

Katibu wa kamati alikuwa ameshika kalamu. "Mheshimiwa, niandike nini?"

Mama Yosefina alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Andika kwamba mfungwa ameijibu familia," alisema, "na kwamba anangojewa nyumbani." Kisha akaivuta hati ya parole, akasaini.